Kufika bustani za wanyama na hifadhi kwa usafiri wa umma: malango, basi la mwisho na makosa yanayowakwamisha wengi

Ratiba_Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, kila mara anaibuka mtu anauliza namna ya kufika bustani fulani ya wanyama bila gari, anajibiwa jina la kituo, mazungumzo yanaishia hapo. Jina la kituo ndiyo sehemu rahisi. Watu hukwama kwingine: wameshukia upande usio na lango, wamefika bustani siyo, au wametoka jioni wakakuta basi la mwisho limeshapita. Naweka utaratibu hapa, wanaozijua bustani mojamoja waongeze.

Anza na kurudi. Kabla hujatafuta namna ya kwenda, tafuta basi la mwisho linalotoka bustanini kwa tarehe yenyewe unayokwenda, si kwa "siku za kazi" kwa jumla. Bustani nyingi ziko pembezoni mwa mji, na njia za pembezoni hupunguziwa mabasi mapema jioni, wikendi na sikukuu. Basi linalopita kila dakika 20 asubuhi linaweza kuwa moja tu kwa saa ikifika jioni. Ukishalijua la mwisho, panga kuondoka na lililolitangulia. La mwisho libaki akiba, maana likifutwa hakuna jingine nyuma yake.

Pili, lango. Bustani kubwa ina malango mawili, matatu, na si yote hufunguliwa kila siku au kila msimu. Ingia tovuti ya bustani, tafuta jina la lango lililo wazi siku hiyo, ndipo uulize kituo kipi kiko karibu na lango hilo. Ukienda kinyume, yaani kituo kwanza na lango baadaye, unaweza kuzunguka uzio kilomita mbili.

Tatu, muda wa kutembea. Mtu mzima anakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, na programu za ramani hutumia mwendo huo. Ukiwa na mtoto wa miaka minne weka kilomita 2 hadi 3. Kwa hiyo "dakika 15 kwa mguu" ni karibu nusu saa, na jioni akiwa amechoka ni zaidi.

Nne, kuunganisha. Basi unalounganisha nalo baada ya treni likipita kila dakika 10 usijisumbue kuhesabu. Likipita mara moja kwa saa, panda treni ya mapema zaidi ili ubaki na dakika 15 hadi 20 mkononi. Treni ikichelewa dakika saba tu, umepoteza saa nzima ya bustani.

La mwisho kwa sasa ni saa zenyewe. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24. 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, si saa saba na dakika arobaini. Mwenye kufikiri kwa saa zetu akisoma haraka huchanganya, hasa 13:00 na 19:00, kwa sababu 19:00 ndiyo saa moja usiku. Andika pembeni saa ya Kiswahili kwa kila chombo utakachopanda, kisha mwenzako aipitie.

MtuWaRamani

Uzi mzuri. Naongeza kwa nini programu za ramani hukosea kwenye bustani za wanyama kuliko kwenye hoteli au hospitali.

Ukiandika jina la bustani, mara nyingi programu inachukua nukta moja iliyowekwa ndani ya eneo lote, kisha inatafuta barabara au njia ya miguu iliyo karibu na nukta hiyo. Kwenye jengo dogo haina shida. Kwenye eneo kama Tierpark ya Berlin, yenye hekta 160, nukta hiyo inaweza kuwa karibu zaidi na uzio wa nyuma kuliko na lango. Programu itakushusha kituo cha nyuma na kukwambia umefika. Mbele yako kuna uzio tu.

Dawa yake ni hii. Fungua ramani ya bustani yenyewe, angalia lango liko kona ipi na barabara gani. Rudi kwenye programu, kuza ramani hadi uone kona hiyo, bonyeza na kushikilia juu ya lango hadi alama ijibandike, halafu omba njia ya kufika kwenye alama, usiombe njia ya kufika kwenye jina. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, malango mengi yamewekwa kama vinukta kwenye mstari wa uzio. Ukikuza vya kutosha utaviona. Halafu badilisha picha iwe ya setilaiti, ufuate barabara ya mwisho kutoka kituoni hadi langoni. Unatafuta kitu kimoja: je, kuna njia ya waenda kwa miguu pembeni, au ni lami na mtaro tu? Kilomita moja ya barabara kuu isiyo na pembeni pa kukanyaga usiihesabu kama kutembea, hasa giza likishaingia.

Kuhusu ratiba zinazoonekana kwenye programu: nyingi zinatoka kwenye mafaili ya mfumo wa GTFS (muundo wa kuandikia ratiba za usafiri wa umma), ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005. Faili moja linasema basi linatembea siku zipi za wiki, jingine linaorodhesha tarehe za kipekee kama sikukuu. Kampuni ya mabasi ikisahau kujaza lile la tarehe za kipekee, programu itakuonyesha basi la Jumatatu ya kawaida wakati siku hiyo ni sikukuu na halipo. Kwa hiyo sikukuu soma tangazo la kampuni yenyewe.

Jingine ni basi la bustani. Mabasi madogo yanayoendeshwa na bustani zenyewe kutoka kituo cha treni mara nyingi hayamo kabisa kwenye mafaili hayo. Programu ikisema "hakuna njia" au "tembea saa moja na robo", usikate tamaa kabla hujafungua ukurasa wa "namna ya kufika" kwenye tovuti ya bustani.

Na safari za baada ya usiku wa manane: kwenye mfumo huo basi la saa sita na robo usiku huandikwa 24:15 ya siku iliyotangulia. Programu nzuri huigeuza vizuri, lakini ratiba za karatasi hutofautiana. Basi lililo chini ya safu ya Ijumaa huenda linapita Jumamosi kalenda ikishageuka.

Kiti_cha_Dirishani

Mimi naleta majina, kwa sababu kosa la "kituo chenye jina linalofanana" ndilo linalowapata wengi.

Vienna: bustani ya Schönbrunn, iliyoanzishwa 1752 na ndiyo kongwe kuliko zote zinazoendelea hadi leo, iko ndani ya viwanja vya kasri la Schönbrunn. Metro ya U4 ina kituo kinachoitwa Schönbrunn, na watu hushuka hapo. Hicho ni cha kasri. Kwa bustani ya wanyama endelea kituo kimoja, ushuke Hietzing.

London: bustani iko ukingo wa kaskazini wa Regent's Park. Kituo cha metro kinachoitwa Regent's Park kiko upande wa kusini, unavuka bustani nzima ya miti kabla hujafika. Shuka Camden Town kwenye Northern line, utembee kama robo saa, au panda basi namba 274 linalosimama karibu kabisa na lango.

Paris: kuna mbili. Ile ya kisasa iliyofunguliwa tena 2014 iko kwenye msitu wa Vincennes, lakini kituo cha Château de Vincennes kiko mbali nayo. Shuka Porte Dorée kwenye metro namba 8. Ile ya zamani, ya tangu 1794, iko Jardin des Plantes karibu na Gare d'Austerlitz. Tiketi ya moja haikuingizi nyingine.

Berlin: mbili pia. Zoo iko mbele ya kituo cha Zoologischer Garten, unatoka nje unaliona lango la simba, Löwentor. Tierpark iko mashariki ya mji, kituo chake kinaitwa Tierpark, metro ya U5. Aliyenunua tiketi ya moja akafika kwenye nyingine ana safari ya kuvuka mji mzima kwa treni.

San Diego: Zoo iko Balboa Park, katikati ya jiji, na basi namba 7 linafika. Safari Park ni taasisi ileile lakini iko upande wa Escondido, karibu kilomita 50 kutoka Zoo. Usizipange zote mbili siku moja bila gari.

New York: Bronx Zoo ina kitu cha kuangalia kwa makini. Treni namba 2 inakwenda Pelham Parkway, unatembea kuelekea magharibi hadi lango la Bronx River. Sasa, kuna vituo viwili vyenye jina hilohilo la Pelham Parkway. Kimoja ni cha namba 2, juu ya White Plains Road. Kingine ni cha namba 5 kwenye tawi la Dyre Avenue, na kiko mbali zaidi mashariki. Ukiambiwa "shuka Pelham Parkway" ukapanda 5, utashuka kituo chenye jina sahihi lakini umelipita eneo. Kama umeshapanda 5, shuka West Farms Square–East Tremont Avenue, ambako 2 na 5 zote husimama, uingie kwa lango la Asia.

Kigari_na_Watoto

Kiti_cha_Dirishani umesahau Washington, na ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa mwinuko.

Bustani ya taifa ya Smithsonian iko Connecticut Avenue, katikati ya vituo viwili vya Red Line: Woodley Park na Cleveland Park. Umbali haupishani sana. Ila kutoka Woodley Park unapanda kilima hadi langoni, na kutoka Cleveland Park njia ni tambarare kiasi. Kwa hiyo kwenda shuka Cleveland Park, na kurudi teremka hadi Woodley Park. Ndani ya bustani nako njia kuu inateremka kutoka Connecticut Avenue kuelekea bondeni, maana yake mwisho wa siku una mlima wa kurudi nao hata kabla ya kufika barabarani. Weka nguvu ya huo mlima kwenye hesabu, na usiwaache wanyama unaowataka zaidi wawe wa mwisho kule chini.

Sydney ni vilevile. Taronga imejengwa kwenye mteremko unaoangukia baharini. Feri kutoka Circular Quay inachukua kama dakika 12 na inakufikisha chini kabisa. Usianze kupanda kwa miguu. Pale gatini panda basi namba 238 likupeleke lango kuu la juu, kisha uteremke taratibu ukiangalia wanyama, utokee chini kwenye feri. Miongozo mingi ya zamani inasema upande vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba vya Sky Safari, vilifungwa 2023.

Sasa kigari cha mtoto. Kwenye mabasi mengi nafasi ya kigari ndiyo hiyohiyo ya kiti cha magurudumu, na mwenye kiti cha magurudumu ana haki ya kwanza. Akiingia, wewe unakunja. Kwa hiyo chukua kigari kinachokunjwa kwa mkono mmoja, na mzigo wote uwe kwenye begi la mgongoni, usining'inize mifuko kwenye vishikio: ukimtoa mtoto, kigari kinapinduka nyuma kwa uzito, na kila kitu kinamwagika mlangoni mwa basi watu wakisubiri. Kigari cha watoto wawili kilicho pana kipime. Kikizidi upana wa mlango wa basi, mpango wote umeharibika kituoni. Kile ambacho viti vimekaa mbele na nyuma hupita kirahisi zaidi lakini ni kirefu na hakigeuki kwenye lifti ndogo.

Angalia lifti asubuhi ileile. Kampuni nyingi za metro hutangaza kila siku lifti zilizoharibika. Ikiwa ya kituo chako imeharibika, shuka kituo cha kabla au cha mbele chenye lifti na umalizie kwa basi. Camden Town niliyoona imetajwa hapo juu haina njia isiyo na ngazi. Mwenye kigari kizito au kiti cha magurudumu afadhali atumie basi 274 moja kwa moja.

Magurudumu

Nikazie hapo. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, "bustani inafikika" na "njia ya kwenda bustanini inafikika" ni taarifa mbili tofauti, na tovuti za bustani hutoa ya kwanza tu. Uliza mambo matatu: basi lina ubao wa kuteremshia au la, kituo cha langoni kina ukingo ulioinuliwa au ni majani, na nafasi ndani ya basi ni ya viti vingapi. Mengi yana nafasi moja au mbili. Mkiwa watatu, msipange basi moja. Gawanyikeni kabla dereva hajawagawanya yeye.

Skuta za umeme za kukalia ni suala jingine. Kampuni nyingi huweka kikomo cha urefu, uzito na kipenyo cha kugeuza, na nyingine hudai kibali maalumu kabla ya safari. Bustani nyingi kubwa hukodisha skuta ndani. Ukiweza kutembea hatua chache, mara nyingi ni rahisi kusafiri bila yako na kukodi langoni, ila ufike mapema au uweke nafasi siku kadhaa kabla, kwa sababu huwa chache na huisha asubuhi.

Na betri: kama umekuja na kiti cha umeme, hesabu vilima mara mbili. Kupanda mteremko kunakula betri kuliko umbali wenyewe.

Nyikani

Wakuu mmezungumzia bustani za mjini. Kwa hifadhi za wanyamapori kanuni inabadilika kabisa: usafiri wa umma unakufikisha langoni, haukuingizi ndani. Kwenye hifadhi nyingi zenye wanyama wakubwa hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari, kwa hiyo mtu anayeshuka kwenye basi langoni bila chombo cha kumwingiza amefika mwisho wa safari. Swali la kuuliza ni "nikishafika langoni naingia na nini", na jibu liwe limeshalipiwa au limeahidiwa kwa maandishi kabla hujaondoka.

Naona aina nne.

Kuna hifadhi ambazo barabara kuu inazikata. Mikumi, Tanzania, ndiyo mfano: barabara ya kutoka Dar es Salaam na Morogoro kwenda Iringa inapita ndani kama kilomita 50, na ukikaa dirishani kwenye basi la kawaida unaweza kuona twiga, pundamilia na tembo. Hilo ni bure kabisa na ni zuri, lakini si ziara. Lango liko barabarani hapohapo, mji wa Mikumi wenyewe uko nje upande wa magharibi. Ukitaka kuingia, shukia mjini ulikopangiwa gari, usiombe kuachwa langoni katikati ya nyika ukitumaini kubebwa.

Kuna ambazo kutembea na baiskeli vinaruhusiwa. Hell's Gate nchini Kenya ndiyo inayojulikana zaidi. Matatu ya kutoka Naivasha inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa inakushusha njia panda, kisha ni kama kilomita 2 hadi lango la Elsa. Baiskeli zinakodishwa njia panda na karibu na lango. Kutoka langoni hadi kwenye korongo ni kama kilomita 7 hadi 8 za vumbi, kwa hiyo kabla hujalipa kagua breki zote mbili, bana matairi kwa kidole gumba, zungusha pedali kinyumenyume usikie kama mnyororo unaruka, na omba pampu. Tairi likipasuka ndani unasukuma hadi nje. Wakati wa kurudi ndio mgumu, jua kali na mwinuko mdogomdogo usiouona ulipokuwa unakwenda. Nyati wako, kaa mbali nao. Korongo lenyewe hufungwa mvua zikitishia kwa sababu maji hushuka ghafla kutoka mbali, hata pale ulipo kukiwa kukavu.

Kuna ambazo basi ndilo usafiri wa ndani. Denali, Alaska: barabara ya hifadhi ina urefu wa kilomita 148, na msimu wa kiangazi magari binafsi huishia kama kilomita 24 za mwanzo. Mbele ya hapo ni basi. Treni ya Alaska Railroad inasimama karibu na lango, kwa hiyo mtu asiye na gari hapotezi kitu. Muhimu ni kujua aina ya basi: yale ya kawaida ya hifadhi unaweza kushuka popote, ukatembea, ukapanda jingine lenye nafasi, yale ya ziara yenye maelezo unakaa kiti kilekile hadi mwisho. Na tangu 2021 maporomoko ya Pretty Rocks yamekata barabara, mabasi yamekuwa yakigeuzia karibu kilomita 69, kwa hiyo miongozo inayokuahidi hadi mwisho wa barabara iangalie tarehe yake.

Aina ya nne ni hifadhi ya milimani yenye basi la kawaida la ratiba. Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, ya tangu 1914, inapitiwa na basi la posta kutoka Zernez juu ya njia ya Ofenpass, na vituo vyake viko kwenye vianzio vya njia za miguu. Hapo uzuri wa basi unazidi gari, kwa sababu unaweza kuanza kutembea kituo kimoja na kutokea kingine.

Tiketi_Moja

Nyongeza fupi kuhusu tiketi. Kabla ya kununua kiingilio mtandaoni, tafuta kama kampuni ya treni inauza tiketi ya pamoja ya nauli na kiingilio. Ila piga hesabu, kwa sababu punguzo mara nyingi linahesabiwa juu ya nauli kamili. Kama tayari una kadi ya siku au ya mwezi, tiketi ya pamoja inaweza kukugharimu zaidi.

Umri wa mtoto haufanani. Treni inaweza kumhesabu mtoto hadi miaka 15, basi hadi 11, bustani hadi 12. Mwenye miaka 13 usimnunulie kwa kukisia.

Kadi za kugusa: mahali pa kugusa unapopanda na unaposhuka, kila mtu awe na kadi au simu yake. Ukigusa kadi moja kwa watu wanne, mashine inaona mtu mmoja aliyegusa mara nne. Na tumia kitu kilekile siku nzima. Ukigusa kadi asubuhi na simu jioni, hata kama akaunti ni moja, kikomo cha nauli cha siku (kiasi cha juu unachokatwa kwa siku) kinaweza kuhesabiwa upya.

Mgeni_Hapa

Habari wakuu. Naomba kuuliza mawili. Moja, nikiwa na mabegi kati ya treni mbili, muda wa saa tano hivi, bustani zipi zinawezekana? Pili, ile ya usiku ya Singapore, kurudi kukoje?

Kiti_cha_Dirishani

Mgeni_Hapa, karibu. Kwa mabegi unataka bustani iliyobandikana na kituo kikuu, na mabegi yabaki kituoni, si bustanini. Antwerp inaongoza: ya tangu 1843, lango liko pembeni kabisa ya Antwerpen-Centraal. Berlin Zoo nayo, ila angalia treni yako, kwa sababu treni nyingi za masafa marefu husimama Hauptbahnhof (kituo kikuu), si Zoologischer Garten. Tokyo, bustani ya Ueno iko kama dakika tano kutoka mlango wa JR Ueno unaoitwa wa bustani. Ueno hufungwa Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu hufungwa siku inayofuata. Tama, dada yake upande wa magharibi ya Tokyo, hufungwa Jumatano. Kabati za mabegi kubwa kituoni hujaa kabla ya saa nne au tano asubuhi wikendi. Ukifika zimejaa, tafuta dawati la kuhifadhi mizigo linalohudumiwa na mtu.

Saa tano zigawe hivi: nusu saa mabegi, nusu saa kwenda na kuingia, saa mbili na nusu ndani, nusu saa kutoka na kuchukua mabegi, saa nzima ya akiba. Usiguse akiba.

Ratiba_Mkononi

Singapore najibu mimi. Bustani zote za Mandai ziko mahali pamoja na hazina kituo cha metro langoni. Njia mbili za kawaida ni metro ya North South hadi Khatib, kisha basi la Mandai kutoka hapo; au basi la umma 138, ambalo unaweza kulipanda Ang Mo Kio au Springleaf. Kutoka upande wa magharibi kuna 927 la Choa Chu Kang.

Night Safari, ile ya usiku uliyoiuliza, hufungwa saa sita usiku. Metro nayo huishia karibu saa hizohizo. Basi linachukua muda kufika kituoni, kwa hiyo aliyebaki hadi taa zinazimwa anafika kituoni treni zikiwa zimekwisha. Weka saa nne na nusu usiku kuwa muda wa kuelekea kituo cha basi, na uangalie saa ya treni ya mwisho kwa upande unaokwenda, si ya kituo kwa jumla, kwa sababu kila upande una yake.

Bustani ya ndege nayo ilihamia Mandai. Jurong Bird Park ilifungwa Januari 2023, Bird Paradise ikafunguliwa Mei mwaka huohuo. Mwongozo ukikutuma Jurong, ni wa zamani.

MtuWaRamani

Hilo la miongozo ya zamani linastahili kuangaliwa kila safari. Taipei ni mahali pepesi kabisa: metro ya Brown Line inaishia kituo kinachoitwa Taipei Zoo, langoni. Lakini wengi huunganisha na vibanda vya kamba vya Maokong, na hivyo husimama Jumatatu nyingi kwa matengenezo, na wakati wowote radi ikikaribia. Chochote kinachoning'inia kwenye kamba, au feri, au treni ya mlimani, kiwe na mbadala wa barabara kwenye karatasi yako.

Prague pia: metro C hadi Nádraží Holešovice, halafu basi 112. Wikendi yenye jua basi hilo hujaa pale metro.

Mgeni_Hapa

Asante sana. Na likijaa jioni wakati wa kufunga je? Watu wote wanatoka kwa wakati mmoja.

Kigari_na_Watoto

Toka dakika 40 kabla ya kufunga, au kaa ndani hadi wa mwisho watoke kama ratiba inaruhusu. Nusu saa ya katikati ndiyo mbaya. Kama unalazimika kutoka humo, usipange foleni langoni bila kuuliza kwanza basi linaanzia wapi. Mara nyingi mwanzo wa njia uko kituo kimoja au viwili nyuma. Tembea hadi huko, upande likiwa tupu, ulipite lango ukiwa umekaa.

Ratiba_Mkononi

Sahihi. Kama lango ndilo mwanzo wa njia, basi nenda kituo cha njia nyingine. Ndiyo maana asubuhi unaposhuka piga picha ya ubao wa kituo, pande zote mbili za barabara: namba za njia, saa ya mwisho ya kila moja, na namba ya kituo chenyewe. Kituo cha kurudi mara nyingi si kile ulichoshukia; kiko ng'ambo ya barabara, au kona ya pili. Na kwenye njia ndogo basi halisimami usipolinyooshea mkono, hata ukiwa umekaa ndani ya kibanda cha kituo. Mabasi ya kuitwa kwa simu, yaliyoenea vijijini Ulaya, mengi yanataka uweke nafasi saa kadhaa kabla au siku iliyotangulia, kwa hiyo la kurudi liagize pamoja na la kwenda.

Magurudumu

Na ukilikosa la mwisho kabisa, rudi ndani ya lango ukaongee na wafanyakazi kabla hawajafunga. Wanajua teksi zipi hufika hapo, wanajua kituo cha njia kuu kilicho wazi hadi usiku, na nao wenyewe wana namna ya kurudi nyumbani. Lango likishafungwa na taa kuzimwa, umebaki na simu yako, basi iwe na chaji. Zima intaneti na kamera saa moja kabla ya kutoka ikiwa betri iko chini ya asilimia 20.